Nilikandwa Kama Mzazi

Wewe uliyeambiwa na daktari ukafikirie kupunguzwa mfuko wa chakula, ukatoka pale mlangoni hujui umwambie nani, keti kidogo. Mambo ya homoni sitakueleza. Mimi mwenyewe nilielezwa mara nyingi, na kila mara niliitikia kwa kichwa huku nikifikiria gari la kurudi kwetu Zinga. Nitakueleza yale ambayo nilitamani kuambiwa na mtu aliyekwisha kupita.

Naitwa Mwanaidi. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli, iwe ndoa, hitima au maulidi, popote panapotakiwa masufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua. Mpishi mnene watu wanampenda, wanaamini anakionja anachopika. Kwa hiyo unene wangu ulikuwa kama cheti cha kazi, na hakuna aliyejiuliza mtu anayeshinda kasimama motoni, akala mlo mmoja wa maana kwa siku, anafutuka kwa kitu gani. Shingo ikafanya weusi usiotoka kwa dodoki wala sabuni. Ndevu zikaniota kidevuni. Nilikuwa nazinyoa kabla mume wangu Athumani hajaamka, naye akajifanya hajui kwa nini nyembe zake zinaisha makali upesi. Athumani anaziba pancha za malori Chalinze na nyumbani anarudi Alhamisi jioni, lakini si kipofu.

Kilichoniumiza zaidi hakikuonekana kwa macho. Hedhi nilikuwa siipati. Inapita miezi mitano, sita, kimya. Kisha damu inakuja kama mtu anayelipiza kisasi, wiki tatu haikatiki, nami niko jikoni kwa watu nimejifunga kanga mbili nikiomba nisiinuke vibaya. Hospitali wanauita ugonjwa huu PCOS. Vifuko vya mayai vinajaa vivimbe vidogo na mwili unapoteza hesabu zake.

Kwenye nyumba kama yetu jambo hilo halifichiki, kwa sababu Ramadhani inakutoa hadharani. Mwanamke akiwa mwezini hafungi. Uwani kwetu wasiofunga hujibanza jiko la nyuma, wanakula kiporo cha daku na kucheka chini chini, nasi tunaofunga tunawaita makobe. Wifi yangu Rehema, mdogo wake Athumani tunayeishi naye, kila mwaka alikuwa kobe kwa siku zake. Ukifika Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, analipa siku alizobakiza huku akinung'unika, "Nyie mnakula mihogo ya nazi, mimi nakodoa macho."

Mimi nilikuwa nafunga Ramadhani nzima, mwaka nenda mwaka rudi. Watu wa nje wakanisifu kwa uchaji. Watu wa ndani walinyamaza, na kimya chao nilikisikia vizuri sana. Mwanamke wa umri wangu asiyebakiza hata siku moja, na mtoto hana, kila mtu anajua maana yake. Ningetoa chochote niwe kobe.

Tena mama mkwe wangu si mama mkwe hivi hivi. Bi Tatu ni mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua Zinga, yeye ndiye anayeitwa kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga tumbo kwa kanga na kumpikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini itimie. Mikono yake imepita kwa nusu ya akina mama wa kata yetu. Kwangu haikuwahi kupita. Na miaka kumi na moja ya ndoa hakunisema hata siku moja. Kuna wakati nilitamani aniseme, nijue pa kumjibia.

Masika moja damu ilianza na ikakataa kukoma. Nilianguka kwenye shughuli ya watu, sufuria la pilau likiwa bado halijapaliliwa makaa. Bagamoyo wakaniongeza damu, kisha wakaniandikia niende Dar es Salaam. Huko wakachukua kipande kidogo ndani ya kizazi wakakipeleka kupimwa. Majibu nilipewa na daktari mwanamke, mpole, asiyezunguka.

"Ukuta wa ndani wa kizazi chako umekuwa mnene kupita kiasi," aliniambia. "Hii si saratani. Ila ukiachwa hivi unaweza kugeuka."

Akanipa njia mbili. Ya kwanza ni kukitoa kizazi, mambo yaishe. Ya pili ni vidonge vya kuutuliza ule ukuta, na pamoja navyo mwili ushuke, kwa sababu ukibaki ulivyo ugonjwa utarudi. Kushuka kwa kujinyima chakula nilikuwa nimekwishajaribu mara mbili, nikashuka, nikarudi na nyongeza. Sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Ndipo akanitajia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula.

"Siwezi kukuahidi," alisema. "Tukiupunguza, mwili ukashuka, kizazi kinaweza kutulia chenyewe. Tutakuwa tunakipima. Kisipotulia, tutakitoa."

"Nina muda gani?"

"Zaidi kidogo ya mwaka tangu upasuliwe, chini ya macho yangu."

Nilitoka pale najua kitu kimoja tu, kwamba nakwenda kukatwa tumbo ili nisitolewe kizazi. Mengine yote waliyosema watu, kwamba nataka uzuri, kwamba naiga wasanii, niliyaacha yapite.

Viti vya mapokezi pale kliniki vilikuwa na mikono. Wanene wenzangu mnanielewa. Unasimama ukutani unasoma tangazo la kunawa mikono mara tano, wanadhani una bidii ya afya. Siku ya pili yake mama mmoja akaniita kutoka pembeni, "Njoo huku bibie, kuna benchi la mbao. Hili ndilo letu." Alikuwa Siwema, mchoma mkaa wa Lugoba, amekwishapasuliwa mwaka uliopita na gauni lake la zamani amelikunja kiunoni kwa pini. Nilikaa. Sijui kama utaelewa raha ya kukaa tu.

Nikamuuliza kama aliumia.

"Niliumia. Lakini kuumia kunaisha. Kinachochosha ni watu na sahani zao." Akafungua mkoba akatoa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono wanachonywea wazee barazani. "Hiki ndicho sinia langu. Kikijaa, nimeshiba. Ukimwonea mtu haya ukaongeza, utaona cha mtema kuni."

Nilicheka. Baadaye nilikiona kweli.

Athumani aliuza kiwanja chake cha Chalinze ili nitibiwe. Nilipomwambia atajuta, alijibu, "Nijenge nikae na nani?" Hatukulizungumza tena. Bi Tatu alizungumza mara moja tu, akiwa anachambua mchele na macho hakuyainua. "Riziki anatoa Mungu, nanyi mnakwenda kupunguza pa kuitilia." Kisha akasimama akaniletea kanga mbili mpya niende nazo hospitali.

Nilipasuliwa mwanzo wa vuli. Siku yenyewe sina la kusimulia, nililala nikaamka. Ninachokumbuka ni bega. Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya kupasuliwa tumbo ni bega litakalouma, kwa sababu ya hewa wanayoijaza ndani, na nilidhani wamenikosea. Nina matundu matano madogo ya kuhesabia. Muuguzi aliniinua siku ile ile nikatembee varanda, nikamchukia, na kesho yake nikamshukuru. Chakula kilikuwa supu iliyochujwa, kijiko baada ya kijiko, na kati ya kijiko na kijiko unakaa unatazama ukuta.

Niliporudi Zinga nilikuta chumba kimefagiliwa na kufukizwa udi. Kitanda kimetandikwa shuka mpya. Uwani sufuria kubwa la maji liko jikoni na majani yanaelea, na Bi Tatu amejifunga kibwebwe. Nilikijua chumba kile. Nilikuwa nimekiona kwenye nyumba za watu wengine.

"Mama, mimi sikuzaa," nilisema.

"Umekatwa tumbo," alijibu. "Aliyekatwa tumbo ni mzazi. Lala."

Daktari alikuwa ameniambia mambo mengi, nami nilikuwa nimeyaelewa. Wiki mbili vinywaji vyepesi, tumbo lisibanwe, lisikandwe. Ningeweza kusema. Lakini mwanamke ambaye mikono yake nilikuwa nimeitamani miaka kumi na moja amesimama mbele yangu na bakuli la uji wa pilipili manga, una samli, una sukari, moshi unapanda. Nilikunywa. Nikaongeza, kwa sababu aliniangalia. Kisha akanifunga tumbo kwa kanga, taratibu, kwa ustadi wake wote, akakaza.

Haikufika alasiri. Moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka la baridi, na tumbo likajikunja nikatapika uji, kisha maji, kisha hewa tupu. Kila nikitapika nilishika yale matundu nikifikiri mshono wa ndani umefumuka. Athumani alinibeba mpaka kwenye bajaji, na njiani nilikuwa nawaza jambo moja. Kama mshono umeachia, watanifungua upya, na wakinifungua huenda wakamaliza kila kitu, na kizazi kikaondoka humo humo. Niliogopa, siwezi kusema vinginevyo.

Mshono haukuwa umeachia. Niliwekewa dripu nikalazwa, na daktari akanisema kwa upole ule unaouma kuliko ukali.

Nyumbani mambo yaliharibika. Athumani alirudi akamwambia mama yake mbele ya Rehema, "Mama, unataka kuniulia mke?" Mtoto hamwambii mama yake vile kwetu. Bi Tatu aliinuka. Alimwaga maji ya sufuria, akaingia chumbani kwake, na nilipotoka hospitali hakuwa akikanyaga upande wetu. Chakula changu alinipikia Rehema. Salamu tulipeana kupitia ukuta. Siku mbili alikuja mtu kumwita akakande mzazi, akasema mikono inamuuma.

Hilo la mikono ndilo lililonitoa kitandani. Niliwapigia simu kliniki nikauliza swali ambalo ningeuliza mapema, kisha nikamfuata mlangoni kwake, natembea nimejishika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Daktari kasema tumbo lisiguswe. Lakini damu isilale miguuni. Miguu na mgongo ruhusa."

Akakunja upya kanga iliyokwishakunjwa.

"Maji yawe moto kiasi gani?"

"Kama ya mzazi," nikamwambia.

Tangu siku hiyo alinikanda kila asubuhi. Mvua za vuli zinapiga bati, mimi nimelala kiubavu, naye ananishika kuanzia kisigino, anapandisha kwa kiganja, anarudi. Sijawahi kushikwa hivyo. Mwili wangu nilikuwa nimezoea kuubeba kama mzigo wa mtu mwingine, na sasa mtu anaushika mguu wangu kama una thamani. Asubuhi ya tatu nililia. Aliendelea kukanda, akasema bila kunitazama, "Kila nilipotoka kwenda kumkanda mtoto wa mtu, nilipita mlangoni kwako. Nikawa nasema, hii mikono itaoza haijamkanda wa kwangu." Basi tukalia wote wawili, na maji yakapoa ikabidi yachemshwe tena.

Uji alinipikia vile vile, lakini mwepesi, bila samli, na akanitilia kwenye kikombe cha kahawa. Nikikimaliza anakitazama kama aliyeibiwa, lakini hakuongeza.

Arobaini yangu ilipotimia alinitoa nje rasmi, nimepakwa wanja na nguo zimefukizwa. Jirani mmoja hakuweza kujizuia. "Bi Tatu, mzazi tunamwona, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto ndiye huyu," akajibu. "Humwoni anavyolishwa kwa kijiko?"

Mwili ukaanza kushuka, na kushuka nako kuna karaha zake, usidanganywe. Nywele zilinyonyoka zikajaa kwenye kitana mpaka nikaacha kuzitazama. Ngozi ya mikono ikaning'inia. Nilisikia baridi mchana kweupe Zinga, watu wanapepea mimi nimejifunika. Kazini nikapata tabu mpya. Mwenye shughuli mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mpishi aliyekonda hivi ama anaumwa ama chakula chake hakiliki. Rehema akawa muonjaji wangu. Nikiweka chumvi kwa mkono uliozoea, yeye anaonja, ananiambia, na hatujawahi kuharibu sufuria.

Sinia lilinishinda zaidi. Kula pamoja ni mbio, wewe mwenyewe unajua, na anayeacha kula mapema anaonekana kakasirika. Nilikaa na kikombe changu pembeni nikijiona mgeni kwangu. Alhamisi moja Athumani akachukua kikombe kingine cha kahawa, akajitilia wali, akala punje kwa punje kunisubiri. Baada ya hapo alikwenda jikoni akala vizuri, nilimsikia, lakini alikuwa amenisubiri.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga, nikatoa fidia ya siku zote. Nikaingia jiko la nyuma na makobe, lakini kama mgonjwa, na raha yao haikuwa yangu. Kipimo cha katikati ya mwaka kilikuja na jibu la katikati. Kizazi kimepungua unene, hakijatulia. Daktari akasema tuendelee. Baadaye akasimamisha vidonge tuone mwili utafanya nini wenyewe, na siku chache kabla ya Ramadhani ya pili akachukua kipimo cha mwisho. Muda wake ulikuwa umefika. Akaniruhusu kufunga, mradi usiku ninywe maji kidogo kidogo bila kuchoka.

Nilikuwa nimefika kumi la pili la mwezi. Nilikuwa nakaanga sambusa za futari, jua bado liko juu, nikasikia tumbo la chini linakaza. Nikaenda msalani. Damu.

Ungedhani nilifurahi. Nilikaa pale pale msalani. Damu niliyoijua mimi ndiyo ile iliyoniangusha kwa watu, na vidonge havikuwepo tena vya kuizuia. Nilitoka nikamwambia Bi Tatu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Akanitazama usoni, akageuka, akamimina chai kwenye kikombe changu, akanishika mkono mpaka jiko la nyuma.

"Saumu imekwishatenguka. Kunywa."

"Mama, ikiwa ni ile?"

"Tutangoja. Hedhi ina adabu zake, inakuja inaondoka."

Rehema alikuwemo mle, mdomo umejaa kiporo. "Hee, kobe mpya! Karibu, wifi, funga mlango." Nilicheka kwa kulazimika. Siku zile nilikuwa naamka, naangalia, nalala, naangalia. Siku ya kwanza nyingi. Siku ya pili nyingi zaidi, na Athumani akasema aje, nikamkataza. Kisha ikapungua. Ikapungua tena. Siku ya saba nikaangalia asubuhi, adhuhuri na alasiri, hamna kitu. Ilikuwa imeondoka yenyewe, hakuna kidonge, hakuna dripu. Nikaenda kuoga josho la kutoka hedhini, nikamwaga maji kichwani nikasema Alhamdulillah kwa sauti, na nje nikamsikia Bi Tatu anaitikia. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa bafu muda wote ule.

Majibu tuliyafuata mimi na Athumani kabla ya Idi. Daktari aliyasoma mara mbili. "Kizazi chako kimetulia," akasema. "Sioni sababu ya kukigusa." Athumani aliinama akawa anafunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa kandambili.

Kuhusu mtoto sina habari ya kukupa, na nikiwa nayo nitaanza na Bi Tatu. Bado nameza vitamini zangu, bado nakwenda kliniki, na viti vya mapokezi naenea, lakini nikimwona mtu amesimama anasoma tangazo la kunawa mikono namwonyesha benchi.

Mfunguo Mosi uliingia, watu wakarudi kwenye mihogo yao ya nazi. Mimi na Rehema tukaanza kulipa, naye Bi Tatu, asiye na siku ya kulipa miaka mingi, akafunga sita zake za sunna pamoja nasi. Rehema alinung'unika kama kawaida, nami nikanung'unika kumzidi, nikasema nyie mnakula mimi nakodoa macho, na maneno yale yalikuwa matamu mdomoni. Jioni moja tumekaa watatu uwani tunafuturu, wao na bakuli zao, mimi na kikombe changu cha kahawa. Bi Tatu akaniuliza nimebakiza ngapi.

"Mbili tu, Mama."

Akainua mikono ile.

"Mungu akujaalie ubakize na mwakani."